Bata wa Porini: Maisha Yao na Elimu ya Kuwanusuru

Bata, bata bukini na batamaji ni ndege wa familia moja, ambayo wataalamu huiita Anatidae. Familia hiyo ina spishi zipatazo 170, nazo zimeenea katika mabara yote isipokuwa Antaktika. Wapo wanaotaga katika nyanda za Aktiki, ambako barafu huyeyuka kwa miezi michache tu ya mwaka. Wapo wanaoishi katika mito ya kasi ya milima ya Andes, na wapo wanaofuata mvua kutoka bwawa moja la msimu hadi jingine barani Afrika. Katika Afrika Mashariki anayeonekana zaidi ni bata bukini wa Misri, ambaye huishi jozi jozi kando ya maziwa na mito. Yupo pia bata bukini mwenye mwiba kwenye bawa, aliye mkubwa kuliko wenzake wote wa Afrika, na bata wa mluzi mwenye uso mweupe, ambaye husikika usiku akielekea kwenye mashamba ya mpunga.

Bata wanaofugwa wana asili mbili. Wengi duniani wametokana na bata wa porini wa nchi za kaskazini ambaye dume lake lina kichwa cha kijani. Katika sura hii ataitwa bata kichwa-kijani. Wengine, wale wazito wenye ngozi nyekundu usoni wanaofugwa sana vijijini Afrika Mashariki, asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini.

Ni makundi machache ya wanyamapori yaliyochunguzwa kwa kina kama bata. Sababu ni kwamba huwindwa kwa wingi, huvuka mipaka ya nchi kila mwaka, na huathirika upesi maji yanapoharibika. Karibu karne moja ya utafiti imethibitisha jambo moja la msingi: hatari zinazowakabili bata hazina uzito sawa. Katika maisha ya kila spishi kuna kipindi ambacho ndicho huamua kama idadi itaongezeka au itapungua. Kipindi hicho kikijulikana, msaada mdogo huleta matokeo makubwa. Kisipojulikana, fedha na jasho huenda mahali pasipohitajika.

Mwili uliotengenezwa kwa ajili ya maji

Mdomo wa bata ni mpana na bapa, na kingo zake kwa ndani zina vichujio vyembamba vilivyojipanga safu. Bata huvuta maji kwa ncha ya mdomo na kuyasukuma nje kwa ulimi kupitia pembeni, huku mbegu na wadudu wakibaki ndani. Nafasi kati ya vichujio hutofautiana kwa spishi. Bata mwenye mdomo wa umbo la kijiko, ambaye huja Afrika Mashariki kutoka kaskazini kila mwaka, ana vichujio vilivyosongamana kiasi cha kunasa viumbe wadogo kabisa wanaoelea majini. Bata bukini ana kingo ngumu za kukatia nyasi. Kutokana na tofauti hizo, spishi kadhaa huweza kula katika bwawa moja bila kunyang'anyana chakula.

Manyoya hayazuii maji kwa sababu ya mafuta peke yake. Vinyuzi vya kila unyoya vimeshikana kwa vijikulabu vidogo sana, na mshikamano huo ndio unaoyazuia maji yasipenye. Mafuta yanayotoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia huufanya unyoya ubaki laini usikatike. Bata hutumia muda mwingi kila siku kuyapanga manyoya kwa mdomo na kuyapaka mafuta hayo. Petroli ikimwagika ziwani huvuruga mpangilio huo. Maji yakifika kwenye ngozi, ndege hupoteza joto na hufa kwa baridi hata kama hajameza tone moja la sumu.

Miguu ina ufundi wake. Mishipa inayopeleka damu ya moto miguuni imelala sambamba na ile inayorudisha damu baridi mwilini. Joto hupita kutoka mshipa mmoja hadi mwingine kabla damu haijafika kwenye vidole, na hivyo bata huweza kusimama juu ya barafu bila kupoteza joto jingi.

Hata usingizi wa bata umewashangaza watafiti. Mwaka 1999 Niels Rattenborg na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwachunguza bata kichwa-kijani waliolala kwa safu. Waliokuwa katikati walifumba macho yote mawili kwa muda mrefu zaidi. Waliokuwa mwisho wa safu mara nyingi waliacha jicho moja wazi, lile lililotazama nje, na vipimo vya ubongo vilionyesha kuwa nusu moja ilikuwa imelala na nusu nyingine ilikuwa macho.

Ndani ya tumbo kuna firigisi, msuli mnene wenye nguvu za kusaga. Kwa kuwa bata hana meno, humeza changarawe ili zisaidie kuvunja mbegu na makombe ya konokono. Tabia hiyo, ambayo ni lazima kwa uhai wake, imewahi pia kumletea mauti kwa mamilioni, kama itakavyoelezwa mbele.

Wiki za kutoruka

Ndege wengi hubadilisha manyoya ya mabawa kidogo kidogo ili waendelee kuruka. Karibu spishi zote za bata huyaangusha yote kwa wakati mmoja, kwa kawaida baada ya msimu wa kuzaa, na kwa wiki tatu hadi tano hawawezi kupaa. Madume ya nchi za kaskazini, yenye rangi kali wakati wa kutafuta majike, huvaa wakati huo manyoya yaliyofifia yanayofanana na matete makavu.

Katika wiki hizo usalama wa bata hutegemea mahali alipo. Wengi husafiri kwanza kwenda kwenye maji mapana, yenye kina au yenye matete mengi, na hukusanyika huko kwa mamia au maelfu. Bata bukini wa Misri, ambao nyakati nyingine hupigania mipaka ya makazi yao kwa ukali, huacha ugomvi na kukusanyika kwenye maziwa na mabwawa makubwa hadi manyoya yaote upya. Watafiti hutumia kipindi hicho kuwasukuma taratibu hadi kwenye uzio wa nyavu, wakawapima uzito na kuwavisha pete. Wawindaji wa jamii nyingi waliijua siri hiyo zamani kabla ya wanasayansi.

Funzo lake kwa uhifadhi ni kwamba ziwa lisilo na kiota hata kimoja linaweza kuwa tegemeo la ndege wa eneo kubwa. Boti za kasi, nyavu na kelele katika ziwa la aina hiyo huleta hasara kubwa ndani ya mwezi mmoja kuliko katika miezi mingine yote.

Kiota na kifaranga

Utafiti wa viota ulipata msukumo mkubwa katika nyanda za nyasi za Kanada na Marekani. Barafu nene iliyofunika eneo hilo zamani iliacha mamilioni ya vidimbwi ilipoyeyuka, na humo huzaliwa zaidi ya nusu ya bata wote wa Amerika Kaskazini. Mwaka 1938 kituo cha utafiti kilianzishwa Delta Marsh, kusini mwa Ziwa Manitoba, na mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa Albert Hochbaum, mwanafunzi wa mwanaikolojia mashuhuri Aldo Leopold. Vizazi vya watafiti vilijifunza kazi hapo.

Kukitafuta kiota ni kazi ya subira. Magari mawili huvuta mnyororo mrefu juu ya nyasi, na jike anapouruka mnyororo huo, mtafiti huenda mahali alipoinukia. Yai huinuliwa kuelekea mwanga ili umri wa kiinitete ujulikane, mahali pakawekwa alama, kisha kiota hutembelewa tena baada ya siku kadhaa kuona kama mayai yameanguliwa, yameliwa au yameachwa.

Hesabu ya awali ya viota hivyo ilikuwa na kasoro. Kiota kilichoharibiwa siku ya pili mara nyingi hakionwi na mtu, ilhali kilichodumu wiki tatu kina nafasi kubwa ya kugunduliwa. Anayehesabu viota alivyoviona tu hujidanganya kwamba vingi hufanikiwa. Mwaka 1961 Harold Mayfield alipendekeza njia ya kuhesabu siku ambazo kila kiota kilikuwa chini ya uangalizi, na kutafuta uwezekano wa kiota kunusurika kwa siku moja. Njia hiyo ilirekebisha picha nzima, na ikaonyesha kuwa katika maeneo mengi yaliyolimwa viota vya bata vilikuwa vinaangamia kwa kiwango kikubwa mno. Watafiti wa North Dakota walikadiria mwaka 1985 kwamba bata kichwa-kijani huhitaji viota vipatavyo 15 kati ya kila 100 vifanikiwe ili idadi yao isipungue. Katika mashamba mengi ya ngano kiwango hicho hakikufikiwa, kwa sababu nyasi zilizobaki zilikuwa vipande vyembamba ambavyo mbweha na wanyama wengine walivipekua kwa urahisi.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu bata hao hao uliweka wazi mpangilio wa mambo. Kupanda na kushuka kwa idadi kulitokana kwanza na mafanikio ya viota, kisha uhai wa majike wakati wa kuatamia, kisha uhai wa vifaranga. Vifo vya miezi mingine ya mwaka vilichangia kidogo. Tangu hapo imekuwa vigumu kutetea mpango wa uhifadhi unaojali maji na kuzisahau nyasi zinazoyazunguka.

Kifaranga wa bata huanguliwa akiwa na manyoya laini na macho wazi, na ndani ya siku moja au mbili humfuata mama yake hadi majini. Kumfuata huko si jambo analozaliwa akilijua kikamilifu. Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba kifaranga wa bata bukini humchukulia kuwa mzazi kiumbe anayetembea anayemwona mwanzoni mwa maisha yake, hata akiwa mwanadamu. Mwaka 1973 Lorenz alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Karl von Frisch na Nikolaas Tinbergen. Ugunduzi huo una matumizi ya moja kwa moja: wanaolea ndege adimu vizimbani hulazimika kuhakikisha kwamba vifaranga hawamwoni mwanadamu kuwa ndiye mama.

Kifaranga huyo hapewi chakula mdomoni. Hujilisha mwenyewe tangu mwanzo. Hata kama wazazi wake hula mbegu, yeye huhitaji protini nyingi ili akue, na kwa wiki za kwanza hutegemea mabuu ya visubi, konokono na wadudu wengine wa majini. Jike naye huongeza wadudu katika chakula chake wakati wa kutaga, kwa kuwa mayai hudai protini ambayo nafaka haitoshi kuitoa. Kwa sababu hiyo maji yanayoonekana safi na tulivu yanaweza yasiwe na kitu cha kumkuza kifaranga.

Pete, njia za angani na hesabu

Mwaka 1899 mwalimu wa shule wa mji wa Viborg nchini Denmark, Hans Christian Mortensen, aliwavisha kwezi pete za alumini zenye namba na anwani. Miaka michache baadaye alifanya hivyo kwa bata, na barua kutoka nchi mbalimbali zikaanza kueleza mahali ndege wake walipopatikana. Pete nyepesi ya alumini ikawa chombo cha kwanza cha kumfuatilia ndege mmoja mmoja.

Nchini Marekani, Frederick Lincoln alitumia pete kujibu swali gumu zaidi, yaani idadi ya bata wote. Hoja yake ya mwaka 1930 ilikuwa rahisi. Ikiwa bata 1,000 wamevishwa pete na wawindaji wakarudisha pete 100, inakadiriwa kuwa mmoja kati ya kila bata kumi amewindwa. Jumla ya bata waliowindwa ikijulikana, jumla ya bata wote hupatikana kwa kuizidisha mara kumi. Njia hiyo imeboreshwa mara nyingi, hasa kwa sababu si kila mwindaji hurudisha pete, lakini msingi wake bado unatumika kwa wanyama wa kila aina.

Tangu mwaka 1955 Marekani na Kanada zimekuwa zikihesabu bata wa maeneo ya kuzaliana kila mwaka kwa eropleni zinazopita chini juu ya njia zile zile, huku watu wengine wakihesabu baadhi ya sehemu hizo kutoka ardhini ili kusahihisha idadi ya ndege wasioonekana kutoka angani. Vidimbwi vyenye maji katika nyanda za nyasi huhesabiwa pia. Takwimu hizo zimeonyesha kwamba idadi ya bata hupanda na kushuka pamoja na maji: takriban milioni 25 katika ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na zaidi ya milioni 49 mwaka 2015. Viwango vya uwindaji hupangwa kila mwaka kwa kufuata hesabu hiyo.

Vifaa vya setilaiti vimeongeza maarifa ambayo pete haiwezi kuyatoa. Bata bukini wa Asia mwenye mistari miwili myeusi kichwani, anayevuka Himalaya, amerekodiwa akipita juu ya mita 7,000. Vipimo vimeonyesha kuwa hapandi juu na kubaki huko. Hufuata umbo la milima, akishuka mabondeni na kupanda tena, kwa sababu kuruka katika hewa nyepesi kunagharimu nguvu nyingi. Damu yake pia hunasa oksijeni kwa uwezo mkubwa kuliko ya bata bukini wa mabondeni.

Barani Afrika mienendo ni ya aina mbili. Wapo wageni wa kaskazini, na miongoni mwao kuna bata mdogo ambaye dume lake lina mstari mweupe juu ya jicho. Karibu wote wa Ulaya hukimbilia kusini mwa Sahara wakati wa baridi, na wengine hufika Kenya, Uganda na Tanzania. Wapo pia wenyeji wasio na kalenda thabiti, ambao husafiri kufuata mvua. Kwa wenyeji hao ramani ya hifadhi iliyochorwa kwa kutazama mwaka mmoja haitoshi, kwani bwawa lililokauka mwaka huu linaweza kuwa la lazima mwaka ujao.

Bata wa porini wana nafasi pia katika utafiti wa maradhi. Aina nyingi za virusi vya mafua huishi matumboni mwao bila kuwadhuru sana. Mwaka 1996 aina kali ya H5N1 ilitambuliwa kwa bata bukini waliofugwa katika jimbo la Guangdong, China, na mwaka 2005 iliua maelfu ya ndege wa porini katika Ziwa Qinghai. Ugonjwa uliokomaa katika mifugo iliyosongamana ulirudi kwa ndege wa porini ukiwa na nguvu mpya. Ndiyo maana ufuatiliaji wa mafua hufanywa siku hizi na madaktari wa mifugo pamoja na wataalamu wa ndege.

Risasi katika firigisi

Marisau ni chembe ndogo zinazotoka kwenye bunduki ya ndege. Kwa miaka mingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Kila mlio wa bunduki humwaga mamia ya chembe hizo, na nyingi huzama kwenye matope ya ziwa. Bata anayetafuta changarawe huziokota. Firigisi huzisaga, asidi ya tumbo huziyeyusha, na sumu huingia kwenye damu. Ndege hudhoofika, mabawa hulegea, na hufa baada ya wiki chache akiwa amejificha, kiasi kwamba anayepita ziwani haoni mizoga mingi.

Frank Bellrose wa Illinois alikusanya ushahidi huo kwa miaka mingi, akachunguza makumi ya maelfu ya firigisi zilizoletwa na wawindaji. Mwaka 1959 alikadiria kwamba asilimia 2 hadi 3 ya bata wote wa Amerika Kaskazini walikuwa wakifa kila mwaka kwa sumu hiyo. Marekani ilipiga marufuku marisau ya risasi katika uwindaji wa bata nchini kote mwaka 1991, na wawindaji wakahamia kwenye chuma cha pua. Watafiti waliochunguza firigisi baada ya marufuku walikadiria kwamba katika msimu wa mwaka 1997 pekee bata wapatao milioni 1.4 waliokolewa. Umoja wa Ulaya ulianza kutekeleza katazo kama hilo katika ardhioevu zake mwaka 2023. Sheria hiyo haikupunguza uwindaji wala kudai hifadhi mpya. Ilibadilisha madini ya chembe moja tu.

Bata bukini wa Hawaii

Bata bukini wa Hawaii, aitwaye nene, ni mfano wa mafanikio na wa onyo kwa pamoja. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wamebaki wapatao 30 tu. Walikuwa wamewindwa, na nguchiro walioletwa visiwani mwaka 1883 ili wale panya wa mashamba ya miwa walikuwa wakila mayai na vifaranga.

Mwaka 1946 mwanahifadhi Peter Scott alikuwa ameanzisha kituo cha ndege wa majini Slimbridge, magharibi mwa Uingereza. Nene waliopelekwa huko walianza kuzaa mwaka 1952, na mwaka 1962 kundi la kwanza lilirudishwa kisiwani Maui. Zaidi ya ndege 2,000 waliozaliwa vizimbani wameachiliwa katika visiwa vya Hawaii. Hata hivyo, kwa miaka mingi walioachiliwa katika miinuko ya kisiwa kikubwa kuliko vyote, penye chakula haba na nguchiro wengi, walishindwa kukuza vifaranga wa kutosha. Walioingia Kauai, kisiwa ambacho nguchiro hawakuenea, waliongezeka upesi katika nyasi za mabondeni. Leo nene wamepita 3,000, na mwaka 2019 Marekani iliwashusha daraja moja katika orodha yake ya spishi zilizo hatarini. Kizimba kilinunua muda, lakini kisiwa kisicho na nguchiro ndicho kilichorudisha uzazi.

Bata mbizi wa Madagaska

Mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki ni bata mbizi wa Madagaska, ndege wa kahawia mwenye jicho jeupe ambaye hupiga mbizi kutafuta wadudu chini ya maji. Makazi yake makuu yalikuwa Ziwa Alaotra, ziwa kubwa kuliko yote kisiwani humo. Misitu ya milima jirani ilikatwa, udongo ukateremka ziwani, mafunjo na matete yakageuzwa mashamba ya mpunga, samaki wa kigeni wakaletwa, na nyavu zikatandazwa kila mahali. Kibisi wa Alaotra, ndege mwingine wa ziwa hilo, alitangazwa mwaka 2010 kuwa ametoweka kabisa.

Bata huyo naye alidhaniwa amekwisha. Dume mmoja alikamatwa Alaotra mwaka 1991, akafa mwaka uliofuata katika bustani ya wanyama ya Antananarivo, na msako haukupata mwingine. Kisha Novemba 2006 Lily-Arison René de Roland na wenzake wa shirika la Peregrine Fund, waliokuwa wakichunguza ndege wa porini kaskazini mwa kisiwa, waliona bata tisa wakubwa na vifaranga wanne katika ziwa la kreta eneo la Bemanevika. Kundi zima lililopatikana baadaye lilikuwa la ndege wapatao 25.

Serikali ya Madagaska, Peregrine Fund, shirika la uhifadhi la Durrell na shirika la kituo cha Slimbridge waliungana. Mwaka 2009 mayai yalichukuliwa kutoka kwenye viota vya ziwa hilo, vifaranga wakalelewa katika mji wa Antsohihy, na kituo cha uzalishaji kikajengwa huko. Wakati huo huo watafiti walibaki ziwani wakiuliza kwa nini kundi la porini haliongezeki. Viota vilikuwa salama na majike yaliatamia vizuri. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2015 ulipata jibu: takriban vifaranga 96 kati ya kila 100 walikuwa wakifa wakiwa na umri wa wiki mbili hadi tatu, na chanzo kilikuwa njaa. Ziwa la kreta lina kina kirefu na chakula kidogo. Bata hawa walikuwa wamebaki humo kwa sababu ndilo ambalo binadamu hakulihitaji, ingawa halikuwafaa.

Jibu hilo lilibadilisha mpango. Kuliwekea ulinzi ziwa la Bemanevika kulikuwa jambo la lazima lakini hakukutosha. Ilibidi lipatikane ziwa la kina kifupi lenye wadudu wengi. Ziwa Sofia lilichaguliwa, na miaka ikatumika kufanya kazi na wakulima na wavuvi wa vijiji vinavyolizunguka, ili maji yaboreke na wao wenyewe wanufaike. Desemba 2018 bata 21 waliachiliwa humo baada ya kuzoeshwa katika vizimba vinavyoelea, vilivyobuniwa kwa kufuata vizimba vya kufugia samaki huko Scotland. Ndege hao walikaa ziwani na kuanza kuzaa.

Kazi iliyopo Afrika Mashariki

Msingi wa kisheria upo. Mkataba wa Ramsar wa mwaka 1971 unalinda ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na chini yake yamo Ziwa George la Uganda, maziwa ya Nakuru na Naivasha ya Kenya, na maeneo ya Malagarasi-Muyovozi na Bonde la Kilombero nchini Tanzania. Makubaliano ya kuhifadhi ndege wa majini wahamao kati ya Afrika na Ulaya-Asia, yaliyoanza kutumika mwaka 1999, yanazihusisha pia nchi hizo tatu. Kila Januari watu wa kujitolea na wataalamu hushiriki hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini, iliyoanza mwaka 1967 na kupanuliwa Afrika katika miaka ya 1990.

Hatari nazo zinajulikana. Mabonde hukaushwa kwa kilimo, mito huletea maziwa mbolea na udongo, na nyavu za makila huzamisha ndege wapigao mbizi. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, imethibitishwa kuwa dawa ya wadudu aina ya kabofurani imetumika kama chambo cha kuulia ndege wa majini, wakiwemo bata na makorongo, kisha nyama yao ikauzwa kwa walaji. Bata maccoa, bata mbizi wa mashariki na kusini mwa Afrika mwenye mkia mgumu uliosimama na dume lenye mdomo wa buluu, ameingia katika orodha ya spishi zilizo hatarini, naye hula mabuu wa matopeni ambamo taka za viwanda na mashamba hutua.

Kinachokosekana ni maarifa ya kipindi kinachoamua. Kwa bata wengi wa Afrika haijapimwa ni viota vingapi hufanikiwa, vifaranga wangapi hufikia umri wa kuruka, wala ni maziwa yapi hukimbiliwa wakati wa kuangusha manyoya ya mabawa. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Inahitaji vyuo vikuu na idara za wanyamapori zinazokubali kurudi katika bwawa lile lile mwaka hadi mwaka, wavuvi na wakulima wanaoshirikishwa kama watoa taarifa, na hesabu ya Januari isiyokatizwa. Msomaji naye ana sehemu yake. Anayempata ndege mwenye pete mguuni, awe hai au amekufa, anapaswa kuandika namba yote, mahali na tarehe, kisha apeleke taarifa kwenye jumba la makumbusho la taifa au ofisi ya wanyamapori iliyo karibu. Namba hiyo isiporipotiwa, kazi ya aliyemvisha ndege pete hupotea.